Vitambaa Vilivyongoja Wenyewe

Mabinti wa atelie ya kushona ya hapa Shasha,

Mashini yangu nimeifunika na shuka. Jicho la kuume limekataa kabisa kuona tundu la sindano, na la kushoto naona linataka kumfuata mwenzake. Siku ile ya kuniaga mulikuja na soda, mukaimba, mukala keki niliyoinunua mimi mwenyewe, halafu mukaniomba niwaandikie namna ya kutunza vitambaa nyumbani, maana kila mmoja wenu tayari analala juu ya mafurushi. Haya, naandika. Ila niwaambie tangu mwanzo: kuna kitambaa kimoja nilichokitunza mpaka mwisho bila doa, bila tundu, na hicho hicho ndicho kilichoniharibia. Kilikuwa cha Mama Dative wa Kirolirwe, rafiki yangu. Nilimfichia nguo yake ikiwa tayari, na kwa kufanya vile nikampoteza. Mambo mengine yote ya panya na ukungu ni kazi nyepesi.

Nilifundishwa Kirotshe, kwa Mama Berna, mwanamke aliyekuwa akishonea nyumbani kwake, jirani na njia inayoenda hospitali. Siku ya kwanza nilifika na sizo mpya, mkasi wangu wa kwanza, niliyoifunga ndani ya kitambaa cheupe, moyo unanidunda, nikidhani nitakalishwa kwenye mashini. Akanionyesha mkeka na rundo la vitambaa. "Kunja," akasema. Nikakunja mpaka jua likawa utosini. Akaja, akatazama, akafumua vyote. "Kunja tena." Jioni nikamuuliza kwa heshima zote kama kesho nitajifunza kushona.

"Mutoto, weye unaona bitambaa," akanijibu. "Miye naona bantu. Hii iko Mama Chantal, hii iko ule bibi ya mwalimu. Ukikunja kitambaa yake mubaya, njo umemukunja yeye mwenyewe mubaya."

Nilifikiri ana kichaa kidogo. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anazungumzia kazi tu. Kitambaa kikikaa mwezi mzima na mkunjo mbaya, alama haitoki hata kwa pasi ya makaa, na mwenyewe ataivaa alama ile mbele ya watu siku ya ubatizo wa mtoto wake.

Kwa Mama Berna hatukuandika jina juu ya karatasi. Unyevu wa ziwa unakula wino, na tena Kirotshe nzima kila mwanamke wa tatu anaitwa Mama Furaha. Desturi yake ilikuwa hivi: ukileta kitambaa kipya, unaleta pia ukanda uliochanwa kutoka nguo yako ya zamani, iwe mkono wa blauzi ao upindo wa shati la mtoto. Kitambaa kinafungwa na ukanda ule, basi. Miaka ikipita, ukiona ukanda unamkumbuka mwenyewe, kwa sababu ulimwona na ile nguo sokoni, shambani, kanisani. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Ninyi munapiga picha na simu. Sawa, lakini simu ikiibiwa mutawajua wateja wenu kwa lipi?

Vyombo vyake vilikuwa vichache: mashini ya miguu, metre ya kupimia iliyofutika namba mpaka thelathini, na sizo mbili, moja ya kitambaa na moja ya karatasi. Siku moja alinikuta nakata kucha na ile ya kitambaa. Alinirudisha nyumbani wiki nzima, na mama yangu mzazi akamuunga mkono. Kunisifu, hakunisifu hata siku moja. Nilipomaliza gauni ya kwanza isiyo na kasoro, aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya kila mshono, akasema, "Hii iko gauni." Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njia nzima.

Kisha nikaolewa hapa Shasha na seremala. Mume wangu huyo, Baba Aline, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini etajere, ile rafu ya vitambaa aliyonitengenezea, mumeiona wenyewe, bado imesimama. Ni mbao za mkaratusi zilizokauka vizuri, na nyuma yake aliacha nafasi ya kiganja kati ya mbao na ukuta. Hiyo nafasi ndiyo siri yote. Kitambaa kikigusa ukuta wetu huu wa udongo, mvua mbili tu, kinaota madoa meusi ambayo hakuna sabuni inayoyaweza. Na mifuko ya plastiki muachane nayo. Kitambaa ndani ya plastiki kinatoka jasho kama mtu mwenye homa. Mimi nafunika na shuka kuukuu la pamba. Kila mwezi, asubuhi yenye hewa kavu, natoa vyote, nakung'uta, naanika kivulini upande wa ndani ukitazama nje, halafu nakunja upya kwa mistari mingine ili mkunjo usizoee mahali pamoja. Kufukuza panya, weka majani makavu ya mkaratusi na vipande vya sabuni. Watu watawaambia muweke paka. Paka wangu alizalia ndani ya satini ya bibi harusi.

Vipande vinavyobaki navyo vinataka sheria. Mimi nilikuwa na vikapu vitatu. Cha kwanza, kipande kinachozidi mkono mpaka kiwiko: hicho kinaweza kuwa kola, mfuko, gauni ya mtoto mchanga. Cha pili, kinachozidi kiganja: viraka. Cha tatu, chochote kidogo kuliko hapo, kinaenda ndani ya mto. Mukianza kuhurumia vipande vya kikapu cha tatu mutalala nje. Nasema hivyo kwa sababu nilivihurumia.

Vitambaa vya wateja vina mwisho, maana mwenyewe atakuja. Vya kwako mwenyewe ndivyo vinavyokua bila kukuaga. Aline, binti yetu wa pekee, aliolewa Bukavu. Mwaka uliofuata Baba Aline akalala na maumivu ya kifua asiamke. Baada ya matanga, watu walipokwisha kurudi makwao, nikaanza kwenda Sake kila wiki kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki asiyefungua duka kabla ya misa ya asubuhi. Alikuwa anauza wax, vile vitenge vya nakshi, na kupo, yaani vile vipande vya mwisho wa roli la kitambaa.

"Mama Aline, na hii unabeba?" aliniuliza siku moja.

"Iko ya kazi."

"Ya kazi gani? Ile ya mwezi uliopita ulisema vile vile, na haujaikata."

"Weye uza, Papa. Kukata njo kazi yangu."

Alicheka, akanifungia. Lakini alikuwa amenishika. Kitambaa kile sikukihitaji. Mtu anayechagua kitambaa anaongeleshwa: muuzaji anateremsha hiki, anakunjua kile, anauliza habari za mtoto wa Bukavu, anakusimulia ya mke wake na mguu wake unaovimba. Nusu saa nzima unakuwa mtu kati ya watu. Halafu unapaswa kubeba kitu, huwezi kuondoka mikono mitupu baada ya mtu kukunjua duka zima. Etajere ikajaa. Nikaanza kuweka kwenye kitanda, upande wa Baba Aline. Upande ule ukapanda mpaka nikawa nalala kama niko kando ya ukuta. Nilijua kabisa ninachofanya, sikuwa mjinga, ila upweke ulikuwa umeniingia mpaka kwenye mifupa na sikuwa na dawa nyingine.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, ile munayoisimulia vibaya kila mara. Upepo mkubwa uliinua bati moja la nyumba yangu, mvua ikaingia juu ya etajere mchana kutwa nikiwa Sake, nami nikalala huko. Kurudi kesho yake jioni, baada ya jua kali, nikakuta mama wa koro, wale waimbaji wa kanisa, wameshafika. Walikuwa wamebeba vitambaa vyote, vya wateja na vyangu, wakavisuuza, wakavianika kwenye majani nyuma ya kanisa, wakavirudisha vimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Na walikuwa wamevipanga kwa rangi. Nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, kama duka la Goma. Kanda zote za kutambulisha wateja zilikuwa ndani ya beseni, zimefuliwa, zinang'aa.

"Tulikuta byote bimefungwa na bipande bya kuzeeka," kiongozi wao akanieleza kwa furaha. "Tukabifungua. Sasa biko bizuri."

"Aksanti sana," nikasema. Ungesema nini? Walikuwa wamelowa kuliko vitambaa.

Ilibidi nitangaze kanisani na sokoni: kila aliyeacha kitambaa kwangu aje akitambue. Siku tatu nyumba yangu ilijaa. Walikuja na watoto mgongoni, wengine na dada zao wa kuwatetea. Nilipika chai sufuria kubwa, nikaazima vikombe. Wanawake wawili walishikana kwenye kikwembe kimoja, kitenge chenye picha za ndege, kila mmoja anaapa ni chake, na kweli walikuwa wameleta viwili vilivyofanana kila unyoya. Nikageuza pembe. Papa Kambale hakati na sizo. Anachana kwa mkono, kwa hiyo ncha zake zina nyuzi zinazoning'inia. Kimoja kilikuwa na nyuzi, kingine kilikatwa safi. Mmoja wao akakumbuka kwamba alinunua Minova, kwa muuzaji anayekata na sizo. Ikaisha hapo. Walicheka, wakakaa, wakanywa chai ya pili. Zilikuwa siku tatu nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nibaki mjane, na siwaongopei.

Siku ya nne kila mtu alikuwa amekwisha kutambua chake. Nyumba ikanyamaza. Nikajikuta naiambia mashini habari ya asubuhi.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mtu ambaye kitambaa chake kiko kwako atarudi, na mtu aliyechukua nguo yake hana sababu ya kurudi. Kila fundi anasema "bado, kuya kesho", munajua wenyewe, hata kanisani tunaungama hiyo dhambi haraka haraka. Tofauti ni kwamba mafundi wengine wanasema bado kwa sababu kweli bado. Mimi nilianza kusema bado nguo ikiwa imepigwa pasi. Mwanzoni ilikuwa siku moja, siku mbili. Mteja anakaa kidogo kwenye benchi, analalamika, tunaongea, anaondoka, kesho anarudi. Hakuna aliyeumia. Ndivyo nilivyojidanganya.

Mama Dative alikuwa anashuka kutoka Kirolirwe kila Jumanne na gari la maziwa. Akimaliza kukabidhi bidoni zake za maziwa Sake, alikuwa anapanda pikipiki ya motari mpaka kwangu, na hakuwahi kufika bila chupa ya mashanza, yale maziwa ya kuganda. Ni mwanamke mrefu. Alipokaa kwenye benchi miguu yake ilifika katikati ya chumba. Ng'ombe zake alikuwa anazisimulia kama majirani. Kulikuwa na moja, Gaju, iliyokataa kukamuliwa isipoimbiwa, na mume wake hajui kuimba, kwa hiyo kila Jumanne ile ng'ombe ilikuwa inalala na njaa ya nyimbo, na kesho yake Dative alikuwa anaenda kuiomba radhi. Alikuwa ananichekesha mpaka nachoma kitambaa na pasi.

Siku moja akaniletea kitambaa cha mushanana. Ni vazi la sherehe la mama wa kule milimani: sketi yenye mikunjo mingi kiunoni na mtandio mrefu unaofungwa juu ya bega moja. Kilikuwa rangi ya asali, chepesi hata ukiweka mkono chini yake unaziona kucha. Binti yake alikuwa anatolewa mahari, na mama mzazi lazima asimame mbele ya wakwe amevaa vizuri. Akanipa pia ukanda wa bluu wa kukifunga. Alikuwa ameuchana kutoka sketi ya shule ya binti yule yule.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kunitoa jasho, na ninaieleza maana mutakutana nayo. Kitambaa kama kile kinateleza, mashini inakimeza. Weka karatasi nyepesi chini yake, shona juu ya karatasi, halafu chana karatasi taratibu. Usitumie pini, zinaacha matundu; funga na nyuzi. Sindano iwe mpya, nyembamba kuliko zote. Upindo ni wa mkono: unalowesha vidole, unaviringisha ukingo mpaka unakuwa kama uzi mnene, unashona hatua ndogo ndogo, siku mbili nzima kwa sketi moja. Nilimaliza kabla ya Jumanne ya tatu tangu alete kitambaa. Nikaipiga pasi kwa mbali, nikaitundika, nikaitazama. Ningetamani Mama Berna aione.

Jumanne ya tatu Dative akaingia, akaweka chupa mezani, akakaa. "Ile nguo yangu?"

Nilikuwa nimeshaikunja ndani ya sanduku. "Bado upindo, dada. Ile kitambaa iko inanisumbua sana."

"Iko sawa. Nitakuya Jumanne."

Akakaa saa nzima. Akanieleza Gaju ilivyompiga mganga wa mifugo. Alipoondoka sikuwa na haya hata kidogo. Nilikuwa na furaha. Jumanne ya nne, bado. Ya tano, bado. Ya sita akaniuliza kwa sauti ya chini kidogo, akanikumbusha kwamba sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumanne inayokuja ataivaa hapa hapa nimwone. Na kweli nilikuwa nimeamua kumpa. Nilikuwa nimejiambia, Jumanne moja tu ya mwisho.

Jumanne ya saba barabara ya kutoka Sake kupanda ilifungwa. Hakuna gari la maziwa lililoshuka. Kulikuwa na milio ya bunduki kule juu, watu walikuwa wanateremka na magodoro. Nilitafuta motari wa kupeleka nguo. Wa kwanza akakataa, wa pili akaniuliza kama namtakia kifo. Simu ya Dative ilikuwa haipatikani. Jumamosi ilifika, ikapita, na mushanana iko mu sanduku langu, imekunjwa bila kosa.

Wiki kadhaa baadaye mwanamke mwingine wa maziwa alipita, akaniletea salamu. "Mama Dative anasema usisumbuke tena na ile nguo. Alivaa ya dada yake." Nikamuuliza kama Dative atashuka Jumanne. Akasema hajui, ng'ombe nyingi zimechukuliwa, watu hawana maziwa ya kushuka nayo.

Dative hakuja tena. Wateja wengine niliwapa nguo zao kwa wakati tangu siku ile, bila kuchelewa hata saa moja, na wakashangaa. Nguo zilitoka, watu hawakukaa. Benchi likabaki pale.

Halafu zikaja siku ambazo sisi wa Shasha pia tulikimbia vita, kwa miguu, kuelekea Minova. Mumeniuliza mara nyingi kitambaa gani cha kubeba siku ya kukimbia. Hilo Mama Berna hakunifundisha. Nilisimama mbele ya etajere, jirani ananiita nje, nikaona siwezi kubeba zaidi ya furushi moja. Nilichukua sizo, Biblia, sufuria ndogo, na mushanana ya Dative. Kupo zangu zote, miaka yote ile ya Papa Kambale, niliziacha kitandani. Tuliporudi, nyumba ilikuwa wazi. Upande wa Baba Aline ulikuwa mtupu mpaka kwenye kamba za kitanda. Watu walikuwa na baridi, walichukua, siwalaumu. Usiku wa kwanza nilijinyoosha mahali pale pote na sikupata usingizi, nafasi ilikuwa kubwa mno.

Macho yalipoanza kunikataa, nikaamua kabla ya kufunga kazi kila kitambaa kilichosalia kirudi kwa mwenyewe. Vilikuwa saba: sita vilivyookoka chini ya rafu ya mwisho, na mushanana. Kwa kanda zao niliwajua wote. Wawili walikuja wenyewe, watatu niliwapelekea, mmoja alikuwa amefariki nikampa dada yake. Dative nikamweka wa mwisho, kila wiki nikipata sababu: mvua, magoti, motari hayuko. Nilikuwa naogopa, njo ukweli. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikapanda na motari. Kule juu baridi ilinipiga kwenye kifua, nilikuwa nimesahau. Majani ni yale yale mabichi, ila unapita malisho mengi bila kuona ng'ombe. Nyumba yake nilionyeshwa na mwanamke aliyekuwa anachota maji. Dative alikuwa ameketi nje kwenye benchi, anachambua maharage. Amekonda. Aliponiona alisimama, akaweka ungo chini, tukakumbatiana kama desturi, shavu kwa shavu mara tatu, na mikono yake ilibaki kidogo mabegani mwangu.

Nikampa furushi. Akafungua ule ukanda wa bluu, akainua mushanana mbele ya uso wake, jua likapita ndani. Akashika upindo kwa vidole viwili, akaufuata mpaka mwisho.

"Uliishona muzuri," akasema. "Barabara njo ilituharibia, dada. Miye nilijua. Sikukukasirikia."

Mlango wa kujitoa ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na kazi ya kusema ndiyo tu, tungeilaani barabara sote wawili, angeniletea mashanza, ningerudi Shasha na rafiki yangu. Niliutazama ule ungo wa maharage.

"Haikuwa barabara," nikasema. "Nguo iliisha Jumanne ya tatu."

"Ya tatu?"

"Ya tatu. Ilikuwa mu sanduku."

Akahesabu kimya, nikaona midomo inatembea. "Na ya tatu ulisema bado. Ya ine, bado. Ya tano. Ya sita."

"Nilisema bado."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ukipata nguo, hautarudia kwangu. Baba Aline alikufa. Aline iko Bukavu. Jumanne njo siku moja nilikuwa nasikia muntu mu nyumba."

Akaikunja mushanana juu ya magoti yake, polepole, vizuri, kama mtu aliyefundishwa.

"Ile ya dada yangu iko mufupi kwangu," akasema. "Wakwe walipoingia, nilisimama na miguu inje. Mama mukwe aliangalia miguu yangu, akaangalia pembeni. Binti yangu aliona. Alilia mu siku yake, juu yangu." Alikuwa hanitazami. "Ungeniambia tu uko peke yako. Ningekuya. Ao ulifikiri nilikuwa napanda ile motari juu ya kitambaa?"

Dative akasimama, akachukua mushanana, akaingia nayo ndani. Mimi nikawa pale kwenye benchi na ungo wa maharage yaliyochambuliwa nusu. Hakuna aliyeniambia niende, wala aliyeniambia nibaki. Motari alinipigia honi kutoka barabarani mara mbili.

Nikabaki.